Mwite Celia kwa Sauti ya Kawaida

Nyumbani kwa Orlando, asubuhi huanza na kinu. Bibi Conceicao, mama yake Orlando, hutwanga makopa, yaani muhogo mkavu, kwa ajili ya ugali wa mchana. Elsa, mke wa Orlando, hukoroga uji. Orlando hunoa jembe, kwa sababu mikorosho haipaliliwi na mtu aliyelala. Mtoto wao Celia huketi chini karibu na kinu, akichezea unga unaoruka.

Nyumba hii ipo kijijini, si mbali na mto Ruvuma. Bibi Conceicao alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji. Kwa hiyo hapa Kimakonde kinasemwa, Kiswahili kinasemwa, na bibi akikasirika hutoa na Kireno. Watu wa nyumba hii wanapenda kuzungumza, tena wote kwa pamoja. Aliyekuwa kimya ni Celia peke yake.

Celia alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alitembea vizuri, alikula vizuri, alicheka vizuri. Lakini hakusema hata neno moja.

"Lugha zimekuwa nyingi," alisema Bibi Conceicao. "Mtoto bado anachagua."

"Hata mimi nilichelewa kusema," alisema Orlando.

"Ni kweli," alisema bibi. "Alikuwa kimya kama jiwe. Na sasa nani anaweza kumnyamazisha?"

Wakacheka. Elsa naye alicheka, lakini moyo wake haukucheka. Wiki hiyo, kisimani, mwanamke mmoja alimuuliza, "Bubu wako hajambo?" Elsa alijibu kwamba hajambo. Alijitwika ndoo yake, akaenda akilia njia nzima. Aliogopa kwamba mtoto wake atakua bila kuzungumza na mtu, na kwamba jina hilo la bubu litamganda maisha yake yote.

Jioni alimwambia mumewe, "Baba Celia, mimi naona mtoto hasikii."

Bibi alimsikia. "Nani hasikii? Tazama."

Alisimama nyuma ya Celia, akagonga mchi chini mara mbili. Celia akageuka, akamtazama bibi yake na kutabasamu.

"Umeona?" alisema bibi. "Masikio yake mazima."

Kila mtu akaridhika. Ndivyo walivyomwita siku zote. Bibi aligonga mchi, Orlando alipiga mguu sakafuni, na mtoto akageuka. Nani angefikiri kuna tatizo?

Siku ya kliniki ilipofika, bibi alisema ataongozana na Elsa na mtoto. Zahanati ilikuwa na akina mama wengi. Watoto walipimwa uzito, wakapewa chanjo. Halafu kila mzazi aliitwa pembeni kuzungumza na nesi Agnes. Agnes ni mtu wa Iringa, ameletwa huku na kazi. Kimakonde chake ni cha salamu tu, lakini anakisema bila aibu.

"Shikamoo, bibi," alisema Agnes.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Leo nataka kujua Celia anakuaje. Hapana sindano, ni mazungumzo tu. Je, anaweza kuokota vitu vidogo kwa vidole?"

Elsa alifungua mdomo. Bibi alimwahi. "Anaweza."

"Akitaka kitu, anakionyesha kwa kidole?"

"Anaonyesha."

"Mkimwambia, 'Lete kikombe,' bila kukionyesha, anakileta?"

"Analeta hata viwili," alisema bibi.

"Anasema maneno?"

"Mengi."

"Kama yapi, bibi?"

Bibi alifikiri. Aliangalia dari, akaangalia mlango. "Mengi tu," alisema.

Agnes alitabasamu. Alikwishazoea. Wazazi wengi wakiulizwa hudhani ni mtihani, na hakuna anayetaka mtoto wake afeli mbele ya watu.

"Bibi, hapa hatutoi maksi," alisema. "Mimi namwona Celia dakika chache tu kwa mwezi. Nyinyi mnaishi naye. Mnajua anavyocheza, anavyokula, anavyolia. Bila nyinyi, mimi siwezi kujua kitu. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa saba," alisema bibi.

Akina mama waliokuwa karibu walicheka, na Agnes naye akacheka. Kisha akamgeukia Elsa. "Mama Celia, wewe unaonaje?"

Elsa alimtazama mama mkwe wake. Kumpinga mkwe mbele ya watu si jambo dogo. Halafu alisema, kwa sauti ya chini, "Dada, hana neno hata moja. Mimi nafikiri hasikii."

"Anasikia," alisema bibi. Alisimama, akaenda nyuma ya Celia, akapiga mguu sakafuni. Celia akageuka. "Haya, huyo asiyesikia ni yupi?"

"Vizuri," alisema Agnes. "Sasa bibi, rudia tena. Simama hapo hapo nyuma yake. Lakini usipige mguu, usipige makofi, wala usimguse. Mwite jina lake tu, kwa sauti ya kawaida."

Celia alikuwa akichezea kizibo cha chupa.

"Celia," aliita bibi.

Mtoto aliendelea kucheza.

"Celia. Mjukuu wangu."

Mtoto alizungusha kizibo chake. Bibi akaita mara ya tatu, safari hii kwa Kimakonde, na sauti yake ikatetemeka. Celia hakugeuka. Bibi alirudi kwenye benchi, akakaa taratibu. Macho yake yalijaa machozi.

"Sasa mbona mchi anausikia?" aliuliza.

"Mchi una kishindo," alijibu Agnes. "Ukigonga chini, ardhi inatikisika. Mtoto amekaa hapo hapo, anakihisi kishindo mwilini. Tena sauti kubwa anaweza kuisikia kidogo. Lakini mtoto hajifunzi maneno kwa vishindo. Anajifunza kwa sauti hii ndogo tunayozungumza nayo sasa."

"Na zile lugha zetu nyingi?" aliuliza Elsa.

"Hazina kosa. Watoto wengi hukua na lugha mbili au tatu, na wanasema. Zungumzeni naye lugha yoyote mnayoipenda. Lakini mtoto akifikisha mwaka mmoja, anatakiwa kugeuka akiitwa jina. Akikaribia mwaka mmoja na nusu, awe na maneno machache. Asipofanya hivyo, msingoje, na msiseme baba yake alichelewa. Mleteni aangaliwe."

Kisha akauliza, "Amewahi kutoka usaha masikioni?"

Elsa alisema ndiyo. Kila mafua yalipompata, sikio lilitoa maji yenye harufu.

"Mlifanya nini?"

Bibi alijibu mwenyewe, na safari hii hakuficha. "Nilimtia mafuta ya nazi ya vuguvugu. Ndivyo tulivyotiwa sisi."

"Ahsante kwa kuniambia, bibi. Tangu leo msimtie kitu chochote sikioni. Si mafuta, si maziwa, si kijiti cha pamba. Futeni kwa nje tu, kwa kitambaa safi. Nitawaandikia mwende hospitali kubwa mjini Mtwara. Na kabla ya siku hiyo, nawapeni kazi nyumbani. Mwiteni bila kishindo, mara akiwa karibu, mara akiwa mbali. Angalieni lini anageuka na lini hageuki. Daktari atawauliza."

Walipofika nyumbani bibi alimshika Elsa mkono. "Wewe ulikuwa umeona," alisema. "Mimi nilikuwa nakuzuia. Nilipenda mjukuu wangu awe mzima, basi nikamfanya mzima kwa mdomo."

"Mama, yameisha," alisema Elsa.

Ile kazi ya nyumbani waliifanya wote. Orlando alimwita Celia akitoka shambani, akinyata kama mwizi wa kuku. Aligundua kwamba mtoto hugeuka akiitwa kwa sauti kubwa, tena kwa karibu sana. Aligundua pia kwamba Celia hupenda kutazama midomo ya watu. Elsa aligundua kwamba siku za mafua hali huwa mbaya zaidi. Hayo yote walimweleza daktari wa masikio kule Mtwara, naye alifurahi.

"Wazazi wenye macho hunirahisishia kazi," alisema.

Alimulika masikio ya Celia kwa taa ndogo, akampima usikivu. "Kuna maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio," alisema. "Ni kama mtu anayesikiliza akiwa amezama mtoni. Tutamtibu."

"Na asipopona?" aliuliza Orlando.

"Hata hivyo atasaidiwa. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na kuna lugha ya alama. Mtoto asiyesikia husoma, hufanya kazi, huoa na kuolewa. Kibaya ni kukaa naye nyumbani miaka inapita."

Celia alipewa dawa, akarudishwa mara kadhaa kuangaliwa. Sikio likakauka usaha, lakini maji ya ndani yalikataa kutoka, kwa hiyo akafanyiwa upasuaji mdogo. Orlando alikosa baadhi ya siku za palizi. Hakulalamika, na ninyi mnajua sasa kwamba mtu huyu kunyamaza hawezi.

Nyumbani nako walibadilika. Walijifunza kukaa mbele ya Celia wanapozungumza naye, na kuzungumza kwa zamu. "Hiki ni kikombe," alisema Elsa. "Hiki ni kikombe cha nani?" Halafu alinyamaza, akampa mtoto nafasi. Bibi alifanya vivyo hivyo kwa Kimakonde. Kwanza Celia alitoa sauti tu. Baadaye likaja "mama." Kisha "mai," yaani maji. Kila neno lilipokelewa kama mgeni. Lakini Elsa bado alikuwa na jambo moja moyoni. Maneno hayo yote Celia aliyasema akimtazama mtu usoni.

Jioni moja Celia alikuwa nje akichimba mchanga, amewapa mgongo. Orlando na bibi walikuwa wakimenya mihogo. Elsa alitoka na beseni, akasimama mlangoni. Hakukumbuka mafunzo ya mtu yeyote. Aliita tu kama mama mwingine yeyote.

"Celia, njoo uoge."

Celia hakugeuka. Aliendelea kuchimba, na huku akichimba akajibu.

"Sitaki."

Kisu cha Orlando kilisimama. Elsa aliweka beseni chini, akajifunika uso kwa khanga na kulia. Alilia kwa furaha, mbele ya watu, bila kujificha.

"Amekataa," alisema Orlando. "Mama, umesikia? Mtoto amekataa."

"Nimesikia," alisema Bibi Conceicao, akipangusa macho. "Tena amesikia na yeye. Mwacheni. Leo hapana kuoga."

Usiku ule Celia alilala na miguu iliyojaa mchanga, na nyumba nzima ikamshangilia.