Sabuni Ndani ya Chai

Dobi alimpa mama mkwe wake chai. Bibi akaionja, akaitema.

"Sabuni tena! Leo siku ya tatu. Mwanangu ameoa mwanamke asiyejua kusuuza kikombe?"

"Mama, nimesuuza mara mbili."

"Suuza mara nne. La sivyo narudi kwangu, na ndugu wakiniuliza kwa nini, nitasema."

Dobi aliingiwa na hofu. Ukoo mzima ungemwita mchafu, naye kazi yake ni usafi! Akaonja maji ya bomba. Sabuni. Kumbe si vikombe.

Alimwita jirani yao, fundi bomba. Fundi akakagua uani. Bomba lilitoka kwenye tangi, likapita penye koki ya kufulia, likaingia jikoni. Mpira wa maji uliofungwa kwenye koki ulikuwa umezama ndani ya beseni la povu.

"Hapa penye koki bomba limekuwa jembamba," fundi alisema. "Nani kafanya haya?"

"Mume wangu. Lilipasuka juzi, akatia kipande alichokipata."

"Acha koki wazi, kama unapofua. Nenda kafungulie jikoni mpaka mwisho, kisha urudi utazame beseni."

Dobi alirudi mbio. Povu lilikuwa linashuka, kama mtu analinyonya.

"Shemeji, huu uchawi! Maji si yanatoka kwenye mpira? Mbona yanaingia?"

Fundi alicheka. "Maji yana nguvu yake. Sehemu ni ya kwenda, sehemu ni ya kusukuma ukuta wa bomba. Penye wembamba lazima yakimbie, ndipo yote yapite. Sasa nguvu ya kukimbia yataitoa wapi?"

Dobi aliwaza. "Kwenye ile ya kusukuma?"

"Hapo hapo! Ukiacha kidogo kinacholiwa na msuguano, jumla ni ile ile. Msukumo wa ndani ukishuka sana, hewa ya nje inalisukuma povu liingie bombani."

"Halafu linaishia kwenye birika!"

Siku hiyo hiyo fundi alitia kipande chenye upana sawa na bomba. Dobi akautundika mpira kwenye msumari, mdomo wake juu ya beseni, usiguse maji. Wakafungulia bomba mpaka sabuni yote ikatoka.

Asubuhi bibi alimaliza vikombe viwili, akasogeza kikombe aongezwe.

"Mama," mwanawe alisema, "si umwombe radhi mke wangu?"

"Radhi ya nini? Nilisema chai ina sabuni. Haikuwa nayo? Siombi."