Mzee Kitonga Arekebisha Neno Lake

Kila asubuhi Mzee Kitonga huketi mlangoni na kikombe cha chai. Humshukuru Mungu kwa afya, na mkewe Nzembi kwa chai. Kisha huwasha redio na kupigia simu kipindi cha wasikilizaji. Watangazaji wanamjua kwa sauti. Humwita "Mzee wa Kitengela", naye hulipenda jina hilo. Alijifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya ngumbaru, baada ya zamu zake kwenye kiwanda cha simiti. Kwake, kusikilizwa na watu ni heshima kubwa.

Jumatatu moja mtangazaji aliuliza, "Je, wageni wamezidi Kenya?" Kitonga akapiga simu mara moja.

"Hapa kwetu wako," alisema. "Wanauza njugu. Na tangu waje, mbuzi wanapotea."

"Ala! Wanaiba mbuzi? Wako wapi, mzee? Taja!"

Kitonga alisita. Lakini watu wengi walikuwa wakimsikiliza. "Wako kwa ploti ya Githongo," alisema. "Mmoja anaitwa Nestor."

Nestor ni Mrundi. Anapanga chumba kwa Githongo pamoja na mkewe na binti yao wa Gredi ya Sita. Jumanne hakuna aliyenunua njugu zake. Jumatano vijana walipindua beseni lake kando ya barabara, wakamwita mwizi. Jioni Githongo alimwambia, "Jumamosi uhame. Sitaki nyumba yangu ichomwe." Mtihani wa binti ulikuwa Jumatatu iliyofuata.

Nzembi alirudi nyumbani na habari hizo.

"Umefurahi sasa, Baba Musau? Ulitaka kusikika. Umesikika!"

"Kwani ni mimi nilimwaga njugu? Mimi nilisema tu."

"Ati ulisema tu! Na Musau wetu anayeendesha gari la maji kule Juba? Redio ya huko ikisema ni mwizi kwa sababu ni Mkenya, utaniambia walisema tu?"

Kitonga aliinuka. Alivaa koti, akaenda kwa jirani yao Wamaitha, mama yake Shiro, aliyekuwa karani wa mahakama Kajiado kwa miaka ishirini.

"Mama Shiro, niambie. Nimekosea wapi?"

"Mbuzi walipotea kweli?"

"Kweli. Wanne, wa yule jirani Mmaasai."

"Ulimwona Nestor na mbuzi?"

"Hapana."

"Na ngozi? Na kamba?"

"Hapana."

"Sasa uliona nini, Baba Musau?"

Kitonga alifikiri. "Niliwaona wakibeba magunia alfajiri."

"Hata mimi nimeyaona. Ni ya njugu. Wanakaanga mapema ili watu wa kazi wazikute zikiwa moto. Uliwahi kumuuliza?"

"Sikuuliza."

Kitonga alijikuna kichwa. "Lakini si mtu wa hapa. Pengine hana hata karatasi."

"Karatasi hukaguliwa na maofisa wa serikali," Wamaitha alisema. "Si kazi ya redio, wala ya vijana wa barabarani. Mgeni mwenye kibali anaishi hapa kwa haki. Asiye nacho, kuna sheria ya kumshughulikia. Katiba yetu inasema kila mtu ana heshima yake. Haikusema kila Mkenya. Ilisema kila mtu."

"Na yule mtangazaji? Ndiye aliniambia nitaje!"

"Naye alikosea. Redio haifai kumtangaza mtu kuwa mwizi bila ushahidi, na bila kumpa nafasi ya kujibu. Lakini mdomo ulikuwa wako. Rekebisha neno hapo hapo ulipolisema. Ila uanze na Nestor mwenyewe."

Alhamisi asubuhi Kitonga alibisha hodi kwa Nestor. Vyombo vilikuwa tayari kwenye magunia. Mke wa Nestor alimwona, akageuza uso.

"Nestor, mimi ndiye yule mzee wa redio."

"Najua, mzee. Nilikusikia Jumatatu nikiwa nakaanga njugu."

Nestor alipangusa kiti, akamkaribisha. Kitonga aliona kile kiti kinamchoma.

"Sikukuona na mbuzi," alisema. "Nilisema nisilolijua. Nisamehe."

Nestor aliketi mbele yake. "Mzee, kusamehe naweza. Lakini nikikusamehe hapa chumbani, wale waliosikia redio watajuaje?"

Kitonga alipiga simu redioni hapo hapo, Nestor akisikia.

"Leo mada ni ndoa, mzee," mtangazaji alimwambia, akakata. Alipiga tena. Ikakatwa tena.

Basi alikwenda nyumbani, akachukua kalamu. Barua ya kwanza ilijaa matusi kwa mtangazaji. Wamaitha aliisoma, akacheka, akairarua. "Andika ulichosema, na kwa nini si kweli. Basi." Ya pili ilikuwa na mistari minane. Iliomba pia Nestor apewe nafasi ya kuongea. Mwishoni Kitonga aliandika kwamba wasipomsikiliza, atapeleka malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari. Wamaitha aliipiga picha na kuituma kwenye namba ya kituo.

Ijumaa asubuhi simu ya Kitonga ililia. Ilikuwa redio. Alikimbia na simu hadi kwa Nestor.

"Jumatatu nilimtaja Nestor kuwa mwizi," Kitonga alisema hewani. "Sikumwona akiiba. Hakuna aliyemwona. Nilidanganya."

Mtangazaji naye aliomba radhi kwa kumhimiza mzee ataje jina. Kisha Nestor akapewa simu. Alisema maneno machache tu: "Mimi nauza njugu. Binti yangu ana mtihani Jumatatu. Naomba mtuache tuishi."

Jioni Githongo alikuja kwenye ploti. "Nimesikia redio," alimwambia Nestor. "Fungua hayo magunia. Kaa."

Jumamosi hakuna mkokoteni uliokuja kuchukua vyombo.

Mbuzi wale hawajapatikana hadi leo, wala Kitonga hasemi tena ni nani aliyewaiba.

Jumatatu binti alikwenda kufanya mtihani na wenzake. Baba yake alimsindikiza hadi shuleni. Aliporudi, alipita kwa Kitonga.

"Nimekuja kukushukuru, mzee."

"Usinishukuru mimi," Kitonga alisema, huku akisogea ili Nestor apate pa kuketi. "Mimi ndiye niliyekutia shimoni. Na wewe ukanikaribisha kiti, ukanitoa kwenye aibu yangu. Asante, jirani yangu."