Kapteni wa Kitanda cha Juu

Kazi yangu ilikuwa kukaanga vitunguu. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Nimepika kwenye meli za mizigo ujana wangu wote, nimeunguza wali katika bahari ambazo wengine wanaziona kwenye ramani ya darasani, halafu mgongo ukagoma. Nikarudi nyumbani na begi moja, upara, na visa vingi ambavyo hakuna aliyeviomba. Dada yangu akanipokea. Yeye ni dalali wa nyumba. Asubuhi moja alikuwa anamchana binti yake nywele kabla ya shule, akanitazama nilivyojimwaga kwenye kochi kama mzigo uliokosa mwenyewe.

"Kaka, wewe si mpishi?"

"Wa meli. Nchi kavu bado najifunza."

"Nina nyumba haina harufu. Njoo ukanikaangie vitunguu."

Alinieleza njiani. Biashara ya nyumba ilikuwa mbaya. Watu walijenga kwa pupa miaka ya neema, mtaa mzima wa nyumba mpya, na sasa mageti yote yana vibao vya INAUZWA vilivyopauka kwa jua. Upande wa pili wa mji familia zinabanana chumba kimoja, mtoto analala chini ya meza, na kodi inapanda kila mwenye nyumba akiota vibaya. Nyumba zipo, watu wapo, ila hawakutani. Na nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mteja anauliza swali ambalo dalali hataki kulisikia: mbona haijachukuliwa, ina nini?

Kwa hiyo dada yangu aliipa nyumba watu. Alianika nguo kwenye kamba ya uani. Aliweka miswaki kwenye kikombe cha bafuni. Mimi nikakabidhiwa jiko, nikaange kitunguu kila mteja anapokaribia, ili akifungua mlango akutane na harufu ya mama wa mtu. Mama mwenyewe mimi, na kitambi changu.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa chumba cha watoto. Humo aliweka kitanda cha ghorofa ambacho nikikifikiria hadi leo nakisifu. Fundi alikichonga mle mle ndani, maana kisingepita mlangoni. Kilipakwa rangi ya anga. Ngazi yake ilikuwa ya vidato vipana, kila kidato ni droo ya kuwekea nguo. Juu kilikuwa na kizuizi na kipaa kama kibanda, chini kilikuwa na pazia dogo na taa ya mwezi mchanga. Mashuka ya nyota juu na chini. Ndala ndogo mbili mbili sakafuni. Kwenye fremu ya mlango dada yangu alichora mistari ya penseli, kama wazazi wanavyopima watoto wanavyorefuka. Mmoja aliuandika KAPTENI, na mwingine, chini kidogo, MDOGO.

Jina la Kapteni nililitoa mimi. Nilisema mtu anayelala juu hivyo lazima awe na cheo.

Wateja walipofika, dada yangu aliwasimamisha mlangoni mwa chumba hicho na kushusha sauti. "Wenyewe wamehamishwa kikazi juzi juzi tu. Wana wawili. Huyu wa juu tunamwita Kapteni. Mtundu huyo! Akitaka kitu hasemi, anagonga kwa kisigino. Na hakubali kusinzia mpaka mdogo wake awe amelala hapo chini."

Wanawake walikuwa wanatabasamu. Wanaume walikuwa wanapigapiga nguzo za kitanda kuona kama ni mbao kweli. Kila mteja alipata kidogo zaidi. Kapteni anaogopa giza ila hakubali. Kapteni amepata kovu gotini. Kapteni hapendi maziwa. Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni, machozi ya vitunguu yakinitoka, nikawaza kwamba huyu mtoto ameshapata maisha kuliko mimi.

Mdogo hakuwahi kupata hata kovu. Dada yangu alikuwa na haraka. Alibaki mdogo tu.

*

Kitu cha kwanza kilikuwa mto. Mto wa juu ulikuwa na shimo, kama kichwa kimetoka hapo sasa hivi. Nilimlaumu mpwa wangu. Baada ya shule alikuwa anashushwa pale tukimsubiri mama yake amalize kazi. Tulimwita Kibogoyo, maana meno ya mbele yalikuwa yamekwenda likizo.

"Wewe Kibogoyo, umepanda juu?"

"Siyo mimi, mjomba. Mimi nakatazwa kupanda juu."

"Nani anakukataza?"

Aliinua mabega, akaendelea na madaftari yake.

Siku iliyofuata, mchana, mteja alighairi. Mgongo ulikuwa unanikata, nikajilaza kitanda cha chini, miguu ikining'inia nje kama ya twiga kwenye pakacha. Nilivuta pazia. Nikajisikia kama niko melini.

Sasa kuna jambo moja ninalolijua maishani kuliko kupika. Melini nililala kitanda cha chini, na juu yangu walilala mabaharia wa kila aina. Mtu aliyelala chini anajua chaga zilizo juu ya uso wake kama kiganja chake. Anajua zikiwa tupu. Anajua zikibeba mtu. Godoro linajaa katikati ya chaga, mbao zinashuka kidogo, zinalia, zinanyamaza.

Chaga zilishuka.

Siyo sana. Uzito wa mtoto. Ulianzia miguuni, ukatambaa kuelekea kichwani, ukageuka ubavu. Nilibaki nikitazama. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Jirani alikuwa anafagia uwanja. Halafu kisigino kikagonga ubao, taratibu, juu kabisa ya pua yangu.

Sikuinuka. Mdomo tu ndio ulifanya kazi, maana mdomo wangu haujawahi kujua wakati wa kunyamaza. "Nani huko juu?"

Sauti ikanong'ona kupitia ufa wa mbao.

"Toka hapo. Pana mwenyewe."

*

Dada yangu alinisikiliza akiwa anakunja nguo za watu wasiokuwepo.

"Kaka, ulikula nini mchana?"

"Vitunguu."

"Basi ndiyo hivyo." Kisha akaona uso wangu, akaacha kukunja. "Nisikilize. Kuna mume na mke wanakuja Jumamosi, wako tayari kabisa. Usiniharibie. Nakuomba, kaka yangu."

Nilinyamaza. Kwa mtu kama mimi hiyo ni zawadi kubwa.

Lakini nilianza kumtazama Kibogoyo. Alikuwa amebadilika. Zamani alinipokea kwa kelele, akidai nimsimulie habari za nyangumi. Sasa aliingia, akavua viatu, akavipanga kando ya ndala za kitanda cha chini, akaenda kukaa sakafuni chumbani na kuongea kwa sauti ndogo. Alisema, akanyamaza, akacheka, akajibu. Aliacha kunywa maziwa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema sisi hatuyapendi.

"Ninyi na nani, mama?"

"Na Kapteni." Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mjomba, amechoka. Macho yake mekundu. Hajalala tangu mlipomleta."

"Kwa nini halali?"

"Si mama alisema? Halali mpaka mdogo wake alale. Na mdogo hayupo. Mlimsema Kapteni tu, mdogo hamkumsema." Akachomeka ulimi kwenye pengo la meno, akifikiri. "Sasa anasema mimi nitafaa."

Nilimbeba hapo hapo, nikamtoa uani, nikamkalisha kwenye ngazi za jikoni na bakuli la maharage ya kuchambua. Nilimwambia asiingie tena chumba kile. Aliitikia vizuri mno. Mtoto akiitikia vizuri hivyo, ujue ameshaamua lake.

Mistari kwenye fremu ya mlango ilikuwa imeongezeka. Wa Kapteni ulikuwa na mwenzake juu yake, na mwingine juu ya huo. Wa mdogo ulikuwa umefutwa kwa kidole kilicholowa mate. Mahali pake pamechorwa mstari mpya.

Nilimwita Kibogoyo kutoka mbali, nikamsimamisha kwenye mlango wa jikoni, nikapima kwa kiganja. Nikaenda kulinganisha. Ulikuwa urefu wake.

*

Jumamosi mvua ilinyesha. Niliapa mtoto asije, lakini jirani anayemwangalia alikuwa na msiba, na dada yangu akaja naye amemshika mkono. Wateja walipiga simu kwamba barabara imejaa maji, watachelewa. Dada yangu alitoka na mwavuli kuwapokea kona ya mtaa.

"Mwangalie mtoto," akasema.

Nilikuwa namwangalia. Nilimweka pale pale jikoni, nikampa bakuli la maharage ya kuchambua, nikamwambia akae. Nilimwaga mafuta, nikakata kitunguu, macho yakaniwasha, nikayafuta kwa mkono wa shati. Nilipofungua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Bakuli lilikuwa sakafuni. Halikutoa mlio.

Nilikimbilia chumbani. Pazia la kitanda cha chini lilikuwa limefungwa. Taa ya mwezi inawaka. Nikavuta pazia. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, shuka limechomekwa pande zote kwa ustadi ambao mtoto hana. Viatu vyake vimepangwa.

"Kibogoyo."

Hakuamka.

"Mama. Amka. Mjomba hapa."

Alipumua. Na juu yake, pumzi nyingine ikapumua. Pamoja. Ndani. Nje. Ndani.

Nilimshika mabegani nikamvuta. Hakusogea. Mtoto ninayembeba kwa mkono mmoja! Nilichomoa shuka upande mmoja, likajichomeka upande wa pili. Midomo yake ilikuwa baridi. Pumzi zikawa ndefu. Zikachelewa. Mtu anayezama usingizini hupumua hivyo, na mwingine huzama zaidi ya hapo.

Mlango wa mbele ukafunguka. Dada yangu aliingia peke yake, ametota, wateja wakiwa nyuma getini wanakunja mwavuli. Akanikuta nimepiga magoti. Akamwona mwanawe. Akatupa mwavuli.

"Tulidanganya!" akaliambia godoro la juu. Sauti yake ilipasuka. "Hakuna mtoto hapa. Nilitunga. Wewe hupo!"

Kisigino kikagonga ubao. Kwa nguvu. Kibogoyo akaacha kupumua.

Hapo niliona kosa. Huwezi kumwambia mtoto hayupo halafu utegemee akuachie kitu. Melini, baharia aliyekesha zamu yake huwa haondoki mahali pake kwa kufokewa. Anaondoka mwenzake akifika. Basi.

"Kapteni," nikasema. Nilisema kwa upole, kama ninavyosema na mtu aliye mbali na kwao. "Umefanya kazi nzuri. Umekesha sana. Ila huyo siye. Huyo ana mama yake, anaitwa nyumbani. Mdogo wako nimefika. Nilichelewa, nilikuwa safarini."

Mvua tu.

"Ni mimi. Nina kovu, si gotini, mkononi, sufuria ya moto. Sipendi maziwa. Naogopa giza na sitaki watu wajue." Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitetemesha. "Nipishe nilale, na wewe ulale."

Dada yangu alinishika shati. "Kaka, usi—"

Shuka likalegea.

Alimnyakua mwanawe. Nilimsikia mtoto akivuta hewa, akikohoa, akilia kilio kizuri kuliko nyimbo zote. Mimi nilikuwa nimeshaingia. Nilikunja magoti, nikalaza upara wangu kwenye mto wa nyota, nikafumba macho. Chaga zilishuka karibu na pua yangu. Nikahisi mkono mdogo ukining'inia kutoka juu, ukapapasa kichwa changu mara moja, kama anayehakikisha. Ulikuwa wa baridi. Kisha mtu fulani akapiga miayo.

Jikoni vitunguu vilikuwa vinaungua.

*

Wale wateja waliinunua nyumba. Mke alisema alivutiwa na harufu, ati inamkumbusha bibi yake aliyekuwa anaunguza kila kitu. Walikitaka na kitanda, lakini nilikataa katakata, nikamwita fundi akibomoe. Alipotoa chaga za juu alizigeuza geuza, akanitazama.

"Bosi, mlimlaza nani hapa? Hizi mbao niliziweka zimenyooka."

Zilikuwa zimepinda zote, zimebonyea katikati kama za kitanda cha urithi. Nilimwambia azichome. Alizichoma mbele yangu.

Dada yangu bado ni dalali, ila sasa nyumba tupu anaiita tupu, na mteja asiyetaka aende. Kibogoyo ameota meno na hakumbuki kitu. Anakunywa maziwa. Mimi nimepanga chumba kimoja, kidogo, nimekuta mwenye nyumba ametoka kukipaka rangi. Nina kitanda cha kawaida, cha chini, juu yangu dari tu. Sijambo. Nalala vizuri, kwa kweli nalala mapema mno, na nikichelewa tu kidogo kuna kitu kinaanza kugonga darini, nami huvaa nguo za kulalia haraka kama mtoto wa shule.

Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye fremu ya mlango. Kuna mstari wa penseli. Nilisimama, nikaegemeza kisogo, nikaweka kiganja juu ya upara. Ulikuwa urefu wangu kamili. Pembeni, kwa herufi za mtoto anayejifunza kuandika, imeandikwa MDOGO.

Nikatafuta wa pili. Mkubwa ni lazima awe mrefu kuliko mdogo wake. Fremu haikutosha. Nilipandisha macho juu ya mlango, ukutani, hadi karibu kabisa na dari, na jina lake lilikuwa huko.