Jibu la Mama Kelele

“Miaka thelathini na tano, Njenga! Hata kwaheri hukuniambia!”

Njenga aligeuka, poda ya jukwaani ingali usoni. Alikuwa ametoka kuwavunja mbavu wazee wa kanisa la Wakenya pale Tottenham, London. Aliwaimbia, akapiga kodiani, akarusha sahani nne hewani na kuzidaka zote. Alikuwa na miaka sabini na moja, lakini mikono yake bado haijapata habari hiyo. Sasa alipomwona Jedidah mlangoni pa jiko la ukumbi, sahani aliyokuwa akiipangusa ikamponyoka.

Enzi zao, Mkenya gani wa London hakuwajua wawili hawa kama Baba na Mama Kelele, wachekeshaji? Kila onyesho Njenga alipiga goti na pete ya bati kumposa, na Jedidah, Mama Kelele mwenyewe, akamjibu, “Kwanza nawa miguu!” Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Raha zilikuwepo, jamani!

“Nimesikia unarudi Nakuru Jumamosi,” Njenga alisema.

“For good. Unesi nimestaafu, mume wangu alishafariki, nibaki hapa nikingoja nini? Na usibadilishe story. Mbona ulinitoroka?”

“Ulinikataa mbele ya watu mia tatu.”

“Mimi? Lini?”

“Ile Jumapili ya onyesho letu la Barking. Pete ilikuwa ya dhahabu, Jedidah. Na sikukuita Mama Kelele. Nilisema, ‘Jedidah, naomba nikuoe.’ Ukaniambia ninawe miguu.”

Jedidah alishika ukingo wa sinki.

“Woi! Nilisikia ‘Jedidah’ nikajua umesahau lines! Nikarukia ile ya miguu haraka, watu wasigundue. Njenga, nilikuwa nakuokoa!”

“Kuniokoa?”

“Si wewe ndiye ulinifunza? Mwenzako akiteleza jukwaani, mfunike!”

Njenga alikaa juu ya kreti ya soda. Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia, yakachora mifereji kwenye poda. Mchekeshaji mzima! Jedidah naye alikuwa hajiwezi. Alimpenda mtu huyu siku zile, na kumbe hakuwahi kuacha. Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani ndiye aliyeachwa.

“Ungejua ni kweli,” Njenga aliuliza kwa sauti ya chini, “ungenijibu nini?”

“Hayo ya ungejua mimi siyajibu. Niulize swali lenyewe.”

“Jedidah, naomba nikuoe.”

“Ndiyo. Na usithubutu kupiga goti, nani atakuinua?”

Hapo simu ya Jedidah ikalia. Ulikuwa ujumbe wa binti yake, Maureen, aliyekuwa akimfungia mizigo nyumbani kwake hapo London:

“Mum, watu wa cargo ya Nakuru wamefika. Waanze na kitanda?”

Jedidah aliandika:

“Kitanda kisitoke. Mwenyewe haendi popote.”