Aliyesugua kwa Ndani

Chuma kilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza Loveday Penhale alipoweka kiganja juu ya meko ya sebuleni, kwa maana meko hayo ya chuma cha kusubu hayakuwahi kuwashwa moto tangu mama mkwe wake afariki, na asubuhi ile ya Desemba mji mzima wa Redruth ulikuwa umezama katika ukungu wa baridi.

"Denzil, umewasha kitu humu?"

"Niwashe nini, mpenzi, na makaa yenyewe hatuna?" mumewe alijibu kutoka jikoni. "Wewe sugua tu. Dada yako akija Krismasi akakuta kutu, atatusema mpaka Pasaka."

Loveday alicheka, akaianza kazi kwa utaratibu aliofundishwa na bibi yake: kwanza brashi ya waya kuondoa kutu, kisha kitambaa kikavu kufuta vumbi, ndipo rangi nyeusi ya kung'arishia chuma, ipakwe kidogo kidogo hadi ndani ya maua yaliyonakshiwa nguzoni. Alipofika kwenye bamba la nyuma, akasikia. Kila aliposugua, mtu alisugua upande wa pili. Alipoacha, yule wa ndani alisugua mara moja zaidi, kisha naye akaacha.

Nyuma ya bamba lile hapakuwa na chumba. Palikuwa na ukuta wa mawe tu.

"Denzil," akaita kwa mnong'ono. "Njoo. Polepole."

Denzil akaja na kikombe chake cha chai, akasikiliza. "Panya hao," alinong'ona, ingawa uso wake ulikuwa umeshabadilika rangi.

"Panya gani anayeshika brashi?"

Harufu ya nywele zinazoungua ikatanda. Loveday alinyoosha mkono kuichukua brashi yake, na hapo hapo mkono mwingine, mweusi, mrefu kuliko mkono wa binadamu yeyote, ukashuka kutoka kooni mwa dohani, ukamkamata kifundo cha mkono, ukamvuta ndani hadi begani kwa nguvu iliyolibamiza paji la uso wake kwenye chuma likapasuka, na Denzil, aliyekwisha kukiangusha kikombe na kuinyakua nondo ya kuchochea moto, akautwanga mkono ule, akautwanga tena, mpaka nondo ikanyakuliwa kutoka mikononi mwake, ikapinda hewani kama utambi, ikamrudia mdomoni na kumwaga meno yake juu ya zulia, huku chuma, bila kaa wala mwali, kikianza kuwa chekundu kuanzia nyuma kuja mbele.

"Mwite Mama Thirza!" Loveday alipiga ukelele. "Denzil, mkono wangu unaungua!"

Thirza Nance alikuwa jirani yao, mjane aliyetibu majeraha ya moto kwa maneno tu, kama alivyotibu baba yake kabla yake. Alikuja na ndala zake na aproni yenye unga, akasimama kizingitini mwa sebule, akatazama.

"Sikilizeni, wanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini wa moto. Kutu na masizi vilimfungia humo, nanyi mmemsugulia mlango. Nitamtoa. Lakini sharti mnalijua: msiniambie asante. Si sasa, si mlangoni, si kesho. Mganga wa kwetu akishukuriwa, uganga wake unatenguka."

"Tunalijua, Mama," Denzil alijibu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Fanya upesi, anakufa!"

Mama Thirza akapiga magoti, akaanza kunong'ona. Jini alimrushia majivu ya moto usoni. Hakunyamaza. Jini akakipasua kioo cha ukutani na kumchoma mgongo kwa vipande vyake, akamshika kidole na kukivunja kwa mlio uliosikika hadi jikoni, na bado mnong'ono ule haukukatika wala kuongezeka kasi, mpaka dohani nzima ikanguruma kutoka chini kwenda juu, kitu kikatoka na moshi, na chuma kikapoa ghafla kwa kishindo. Mkono wa Loveday ukatoka. Ngozi ilikuwa imebambuka hadi kwenye kiwiko, lakini vidole vilicheza. Akalala juu ya zulia akilia.

Mama Thirza alikifunga kidole chake kwa pindo la aproni, akaelekea mlangoni. Denzil akamsindikiza. Naye Denzil alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alimshukuru dereva wa basi kila aliposhuka, na mhudumu wa hoteli kwa kila uma alioletewa. Alimshukuru hata polisi aliyempiga faini. Akamfungulia mlango bibi kizee yule aliyevuja damu kwa ajili ya mke wake, na moyo ukamjaa.

"Asante sana, Mama," akasema.

Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama Thirza alisimama kwenye ukungu, hakugeuka.

"Ee, Denzil," alinong'ona. "Ungenitukana tu, mwanangu."

Na kabla Denzil hajajibu, sauti nzito ikamjibu kutoka sebuleni, kwa upole wa mwenye nyumba:

"Karibu."

Kisha mlango wa sebule ukajifunga, Loveday akiwa ndani.