Sakafu Iliyokunywa Maji

Jumamosi ilikuwa siku ya kupiga deki, na kazi hiyo ilikuwa ya Waridi. Alianzia ukumbini, akaingia chumba cha wazazi, kisha akamalizia chumba cha uani alimolala yeye na mdogo wake, Abdulbasit. Kwingine kote maji yalituama, akayakamua kwa tambara mpaka viganja vikamwuma. Lakini chumba cha uani hakikumsumbua. Maji yalitelemka yenyewe mpaka pembeni, chini ya kitanda, yakapotea.

Mwanzoni Waridi alifurahi, kwa kuwa kazi ilipungua. Baadaye akaanza kujiuliza maji yale yalikuwa yakienda wapi. Swali lilimkaa moyoni, wala hakulitoa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na haya zilimjaa. Darasani kila alipojibu, mwalimu alimwambia arudie ndipo asikike. Nyumbani alifunzwa kwamba mtoto haingilii maneno ya wakubwa, na mambo ya nyumba yalikuwa ya wakubwa.

Nyumba yenyewe hawakuwa wameizoea bado. Baba yake, Makame, alikuwa dobi katika hoteli moja ya Galu. Miaka mingi alifua na kupiga pasi mashuka ya wageni, na mwishowe akauza shamba la minazi alilorithi kule Mkongani ili anunue nyumba hii ya Msambweni. Hakununua kwa pupa. Alimleta mkaguzi, kijana aitwaye Jaafar, ambaye aligonga kuta, akapanda darini na kutazama mabati. Siku hiyo chumba cha uani kilikuwa kimejaa magunia ya mbata za nazi mpaka usawa wa dirisha. Muuzaji alisema angeyaondoa kesho yake. Jaafar alichungulia kutoka mlangoni, akaona ukuta mweupe juu ya magunia, akasema nyumba ni nzima.

Masika yakaingia. Siku moja Abdulbasit alikuwa akicheza gololi chumbani. Gololi moja ilibingirika chini ya kitanda, ikaingia kwenye ufa uliokuwa kati ya sakafu na ukuta. Waridi alilala kifudifudi kuitafuta. Hakusikia kitu. Kisha, mbali chini, ukaja mlio mdogo, kama tone linalodondoka mtungini.

"Dada, nitolee gololi yangu," Abdulbasit alisema.

"Imekwenda hiyo. Usicheze hapa tena."

Tangu siku hiyo Waridi hakupanda kitandani bila leso yake, ingawa joto lilikuwa kali. Mama yake, Nadhira, alimtania. "Leso hata usingizini? Mtu atadhani twakaa Kwale mlimani kwenye baridi."

Waridi alicheka kidogo, akaivuta leso karibu.

Mvua zilipozidi, ufa ule ulipanda ukutani kama mzizi, na mlango ukawa haufungiki. Makame alimwita Jaafar tena. Kijana alisogeza kitanda, akakanyaga pembeni polepole, akapiga magoti na kubisha kwa ngumi.

"Mzee Makame, hapa chini ni patupu," alisema. "Siku ile nilipaswa kurudi magunia yalipoondolewa. Sikurudi. Kosa ni langu, na mkianza kuchimba nitakuja kwa mikono yangu. Ila kuanzia leo asilale mtu humu."

Watoto walihamishiwa ukumbini. Muuzaji alipigiwa simu, hakushika. Makame alisema sakafu itavunjwa, lakini kila alipotoka kuulizia saruji na nondo alirudi mikono mitupu, bei imemshinda. Kisha jioni moja alirudi na lipu, kopo la rangi na zulia la plastiki. Aliziba ufa wa ukutani, akaupaka rangi, akaupiga mlango randa mpaka ukafungika, akatandaza zulia juu ya sakafu na ufa wake.

"Wafanya nini, baba Waridi?" Nadhira aliuliza.

"Kuna mwalimu mgeni anatafuta chumba. Kodi yake ndiyo itakayotengeneza sakafu."

"Na kabla haijatengenezwa, yeye atalala juu ya nini?"

Makame hakuinua uso. "Nasi tuliuziwa hivi hivi. Hakuna aliyetuonea huruma."

Mwalimu alikuja siku ya pili yake. Jina lake lilikuwa Caroline, alikuwa ametoka bara, na mgongoni alibeba mtoto mchanga wa kiume.

"Shikamoo, Mwalimu," Waridi alimwamkia.

"Marahaba. Mnasema shikamoo kila saa huku, mpaka najiona nyanya," Caroline alisema, na wote wakacheka isipokuwa Waridi.

Makame alimfungulia chumba. Caroline alitazama ukuta uliong'aa, akamfungua mtoto mgongoni na kumweka juu ya zulia. "Hapa ni pazuri. Pako baridi. Huyu ndio ameanza kutambaa, atatambaa mpaka achoke." Mtoto alikwisha kuanza, akielekea pembeni kwenye mwanga wa dirisha.

Waridi alikuwa amesimama mlangoni na bilauri ya maji ya mgeni. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ametazama chini. Alimtazama baba yake, ambaye alimwashiria kwa macho ampe mgeni maji. Alipita katikati yao, akamzuia mtoto kwa mkono mmoja, akafunua ncha ya zulia na kumimina maji yote ya bilauri.

Maji yalikwenda pembeni na kumezwa.

"Yameenda wapi hayo maji?" Caroline aliuliza.

"Chini kuna shimo," Waridi alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno. Safari hii aliirudia bila kuambiwa. "Chini kuna shimo, Mwalimu. Mtoto asikae hapa."

Caroline alimnyakua mwanawe. "Ni kweli, Mzee?"

Makame alilitazama zulia. "Ni kweli," alisema.

Mgeni alipoondoka, Makame alimgeukia binti yake. "Umenivunjia heshima mbele ya watu. Nani alikuuliza?"

Kabla Waridi hajajibu, ilisikika hodi ya uani. Alikuwa Mama Sidi, jirani yao, akiwa na nguo mbichi begani. Alikuwa akianika, na dirisha lilikuwa wazi.

"Msimgombeze mtoto," alisema. "Wa kugombezwa ni mimi. Hapo palikuwa choo cha shimo, zamani, kabla chumba hiki hakijaongezwa. Walikifunika kwa mbao na udongo, wakajenga. Nimejua siku zote."

"Ulijua?" Makame aliuliza. "Siku ninakuja kuitazama nyumba ulikuwa hapo hapo uani. Tulisalimiana."

"Tulisalimiana. Nikajiambia, nisimharibie mwenzangu riziki yake. Mtu anauza, mimi ni nani nimtie mnunuzi wasiwasi?"

"Mama Sidi, wanangu wamelala juu ya shimo hilo! Ulikuwa ukiwaona kila asubuhi, nawe ukanyamaza, kisha..."

Aliishia hapo. Alilitazama kopo la rangi lililobaki karibu na mlango. Makame alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa viganja.

Kesho yake zulia liliviringishwa. Makame alichukua likizo yake ya hoteli, na Jaafar alikuja na sururu kama alivyoahidi. Sakafu ilipovunjwa waliziona mbao zimeoza, zinamong'onyoka kama mkate uliolowa. Mama Sidi alitoa mawe yaliyobaki alipojenga kwake, akaleta na uji kwa wachimbaji. Shimo lilijazwa mawe na kifusi, likashindiliwa, nondo zikatandikwa, na zege likamwagwa juu. Kazi ilikuwa ngumu, na wiki nyingi walikula ugali kwa mchicha mtupu.

Zege lilipokauka, Makame alikwenda mwenyewe shuleni kumwomba Caroline radhi. Caroline alimsikiliza, akafikiri. "Nitakuja kuona tena," alisema. "Nyumba yenye mtoto kama yule, najua nitaambiwa ukweli."

Siku Caroline alipohamia, Makame aliwaita wanawe. "Sikilizeni," alisema. "Tumefunzwa kusitiriana, na ni jambo jema. Aibu ya mwenzako ikimhusu yeye peke yake, isitiri. Lakini hatari itakayomwangukia mtu mwingine haisitiriwi. Ukiificha, wewe nawe umelichimba shimo lile. Mimi mtu mzima nilikuwa nimelisahau hilo, Waridi akanikumbusha. Tangu leo, mkiona jambo katika nyumba hii, semeni, hata kama hamkuulizwa."

Abdulbasit alikimbia kuwasaidia wageni kubeba vyombo. Waridi alibaki. Alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya leso yake.

"Una neno?" baba yake aliuliza.

"Baba, gololi ya Abdulbasit ilipotumbukia niliisikia ikianguka mbali. Nikaogopa kusema." Aliinyosha leso. "Basi kila usiku, akishalala, nilikuwa nikimfunga mkono wake kwenye mkono wangu kwa leso hii. Ili sakafu ikimchukua, isimchukue peke yake."