Skuta ya Sufuria

Kila asubuhi mume wangu huvaa mguu wake wa bandia akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Hapo zamani, akishafunga mikanda, alikuwa ananyanyuka na kuweka mkono begani kwangu. Bega langu la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu hiyo. Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nguo zangu nazishona kwa kulifuata.

Yeye ni fundi saa. Kabla ya hapo alikuwa sajenti jeshini. Alikanyaga bomu la ardhini, mguu wa kulia ukakatwa. Goti la kushoto likafanya kazi ya miguu miwili kwa miaka ishirini, mpaka likachoka. Kutoka kwetu hadi meza yake sokoni ni dakika kumi. Sisi tulitumia saa nzima, na mwishowe tukaacha kwenda.

Msimamizi wa soko alikuja nyumbani. "Fundi, meza nitakushikia hadi mvua ziishe," akasema. "Baada ya hapo nampa mwingine."

Mume wangu bila ile meza ni mtu wa kukaa na kuhesabu mabati ya paa. Nilikuwa naogopa.

Basi siku moja nikachungulia dirishani, nikamwona Sufuria.

Sufuria ni jirani yetu. Alikuwa mpishi jeshini, ndiyo maana watu wanamwita hivyo. Alikuwa ameketi juu ya skuta mpya nyekundu. Ilikuwa na kiti kizuri, magurudumu manne na usukani, na ilikwenda kwa betri. Mke wake alitembea kando yake mikono mitupu, anaichezesha tu kama mtu anayekwenda harusini.

Jamani, niliona wivu. Ile skuta wala sikuitamani. Nilitamani ile mikono mitupu.

"Unaangalia nini?" mume wangu akauliza.

"Sufuria kapata skuta. Namsikia mke wake akisema wamepewa na huduma ya afya ya askari wastaafu."

Mume wangu akaweka chini saa aliyokuwa anaifungua. "Mimi nilikanyaga bomu. Yeye kaangukiwa na sufuria la uji, kavunjika nyonga. Halafu apewe yeye? Mimi mwaka jana niliomba, wakaninyima!"

"Ana mtu wake huko ndani," nikasema.

"Ana mtu wake, hilo halina mjadala."

Ukiwa na wivu, jambo kama hilo halihitaji ushahidi. Sufuria alikuja kubisha hodi mara tatu wiki ile. Mara zote tatu tulinyamaza kimya, na redio ilikuwa inaimba. Alijua tupo.

Jumatatu nikamwambia mume wangu, "Vaa, twende kliniki tukalalamike."

Tulikodi gari. Mlangoni kwa mtaalamu wa viungo, mume wangu aliondoa mkono wake begani kwangu. Akavuta tumbo ndani, akainua kidevu, akatembea hatua sita hadi kwenye kiti kama yuko gwarideni. Alipoketi, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Mtaalamu alikuwa dada mpole, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Nimekuja kulalamika," mume wangu akasema. "Mpishi amepewa skuta. Mimi sajenti nimenyimwa."

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kuzizungumza, baba. Tuangalie zako. Unaruhusu mama akae asikie?"

"Akae. Hatuna siri."

Dada akafungua faili. "Mwaka jana daktari alikuuliza unaweza kutembea hadi wapi. Ulijibu, 'Popote nitakapoamriwa.' Akauliza kuhusu maumivu. Ulisema hakuna. Kisha akakuomba utembee, nadhani ulitembea kama ulivyotembea sasa hivi. Akaandika hapa: anatembea bila msaada."

Nikamgeukia mume wangu. Yeye akageukia ukuta.

"Yule daktari alikuwa kapteni," akasema taratibu. "Nichechemee mbele ya kapteni?"

"Baba, skuta si nishani," dada akasema. "Haitolewi kwa cheo, wala kwa ukubwa wa jeraha. Tunaangalia kama unafika unakohitaji kufika. Kama fimbo, magongo au kiti cha kusukuma kwa mikono vinakutosha, utapewa hivyo. Visipotosha, tunaangalia skuta. Lazima uweze kuketi wima, kuona njia na kushika usukani. Sasa niambie, siku yako mbaya kabisa ikoje?"

"Ya kawaida tu."

"Mwongo!" Neno lilinitoka kabla sijalizuia. "Dada, liangalie bega langu! Mke wa Sufuria anatembea mikono mitupu, mimi nimegeuzwa fimbo, halafu huyu anasema ya kawaida!"

Mume wangu akavua kofia yake.

"Alhamisi," akasema, "mama watoto alipokwenda kuuza vitambaa, goti liligoma. Nilitambaa kwenda msalani. Sikuwahi."

Nilikuwa sijui. Alhamisi ile nilirudi nikakuta sakafu imepigwa deki. Nikaenda hadi kwa mke wa Sufuria kuringa kwamba mimi mume wangu ananipigia deki. Nilishika mkono wa mume wangu mbele ya yule dada, na sikuuachia.

Dada alichomoa kalamu nywelani. "Uamuzi wa mwaka jana unaweza kuangaliwa upya," akasema. "Nileteeni hati ya kustaafu jeshi, kadi ya afya na ile barua ya kukataliwa. Kwa wiki mbili andika kila siku umetembea wapi, umesimama wapi, umeumia wapi. Andika ukweli. Nitakupima upya na kumwandikia daktari. Kisha mtu atakuja nyumbani kupima mlango na kuona pa kuichajia. Kila mahali kuna utaratibu wake, lakini pa kuanzia ni kliniki yako. Uliza."

Mume wangu alinunua daftari. Aliandika kwa herufi ndogo za fundi saa: *Saa mbili asubuhi, hatua kumi na nne, nikakaa. Saa nne, sikuweza kufika getini.* Nilisoma kila siku, na kila siku nilijifunza jambo alilokuwa ananificha.

Siku ya tatu Sufuria alibisha hodi tena. Safari hii nilifungua.

"Shemeji, leo redio imeharibika?" akauliza. Niliona aibu hadi masikioni. Akaingia, akakaa, akamwambia mume wangu, "Sajenti, tangu wiki iliyopita nataka kukuambia. Mimi pia walinikataa mara ya kwanza. Nilimwambia daktari bado nanyanyua gunia la unga peke yangu."

Mume wangu akamgeukia. "Uliweza?"

"Nyonga gani hiyo ya kunyanyua gunia!"

Wakacheka wote wawili. Jioni ile Sufuria alileta mlango wa zamani, tukaulaza kwenye ngazi yetu uwe njia ya skuta. Mtu wa vipimo alipokuja, aliikuta tayari, ila akaagiza ipigiliwe na ipunguzwe mwinuko.

Skuta ilikuja mvua zikiwa bado zinanyesha. Walimfundisha mume wangu kwenda polepole, kutogeuza kwenye mteremko, na kuichaji mahali pakavu. Wakamwonya asiifungue mwenyewe hata kidogo. Ikiharibika, airudishe kliniki, matengenezo yamo katika huduma ileile. Kwa fundi saa hilo lilikuwa agizo gumu kuliko yote.

Sasa yuko kwenye meza yake. Mimi hutembea kando yake na mikono yangu naichezesha, hasa tukipita kwa mke wa Sufuria.

Juzi alikuja mteja mmoja, askari mstaafu, anaegemea fimbo. Alitoa saa yake huku akiitazama skuta. Macho yale nayajua.

"Wengine mna watu wenu huko ndani," akasema.

Mume wangu akamsogezea kiti. "Kaa, ndugu yangu. Unaweza kutembea hadi wapi?"

Yule bwana akanyoosha mgongo, akainua kidevu. "Popote."

"Haya," mume wangu akasema, akifungua droo na kutoa daftari jipya. "Sasa niambie ukweli."